Je, mwanao anawajua watu wake?

Kila mwezi wa Januari wazazi wengi huhangaika na ile fomu ya kujiunga na shule. Godoro, shuka mbili, ndoo yenye mfuniko, fagio la chelewa, jembe na mpini wake, madaftari makubwa, rimu ya karatasi, viatu vyeusi vya kamba. Mama anasoma, baba anahesabu fedha, mtoto amesimama pembeni akiangalia kama vyote vitapatikana. Aghalabu fomu hiyo ina ukurasa wa daktari pia, ambapo mtoto hupimwa macho, masikio, kifua na mkojo. Lakini hakuna mstari hata mmoja unaouliza: mtoto huyu akipatwa na jambo zito saa nne usiku, atamwendea nani?

Kwa maoni yangu swali hilo lingestahili kuwekwa papo hapo kwenye ukurasa wa daktari, chini ya macho na masikio.

Wanafunzi wengi wanaosema “mimi sina mtu” kwa kweli wanao watu. Wanachokosa ni kuwatambua. Mwulize mwanafunzi wa kidato cha pili, “Ni nani anayekusaidia?” Atakutajia upesi yule anayetoa fedha. Kama ni baba, atasema baba. Kama ni mjomba aliyeko mjini, atasema mjomba. Basi. Hatamtaja mpishi wa shule anayemwekea ugali na maharage siku anapochelewa kutoka zahanati. Hatamtaja jirani anayegonga dirisha alfajiri ili wasichana wa mtaa ule waongozane njiani, wala yule kaka wa kidato cha nne aliyemwachia daftari lake la kemia. Hao kwake ni watu tu, wapo kama mti wa kivuli ulivyopo.

Mwaka 1981 mtaalamu wa elimu ya jamii wa Marekani, James House, aliandika kitabu juu ya kazi, msongo wa mawazo na msaada tunaoupata kwa wenzetu. Aliugawa msaada huo katika mafungu manne. Wako wanaotusikiliza na kutupenda. Wako wanaotupa kitu, au nguvu za mikono yao. Wako wanaotuonyesha njia, kwa kuwa wao wanajua mlango gani wa kubisha. Na wako wanaotuambia ukweli kuhusu sisi wenyewe. Watoto wetu huhesabu fungu la pili peke yake. Fungu la nne hata hulihesabu kuwa uadui! Mwalimu anayesema, “Insha hii ni mbovu, iandike upya uniletee kesho,” mwanafunzi humwona mkorofi, kumbe pengine huyo ndiye mtu pekee shuleni pale aliyekaa chini akaisoma insha hiyo yote.

KWA NINI KATIKA UKURASA WA AFYA?

Huenda msomaji anajiuliza habari hii inahusiana vipi na afya. Inahusiana sana. Mtu anapotishwa, tezi mbili ndogo zilizoketi juu ya figo humwaga homoni katika damu, mojawapo adrenalini na nyingine kotisoli. Moyo huenda mbio, sukari hupanda katika damu, misuli hukaza, na kazi ya tumbo hupunguzwa. Mungu aliupanga mwili hivyo kwa faida yetu, maana ukikimbizwa na mbwa hutaki tumbo lishughulike na maharage. Lakini hofu ikidumu majuma na miezi, faida hugeuka madhara. Usingizi hukatika, kichwa huuma, tumbo husokota, na akili haishiki tena lililofundishwa asubuhi. Wauguzi wa shule wanawafahamu watoto wa namna hii. Kila wiki ya mtihani huja na tumbo, hupimwa malaria, hupimwa choo, na hakuna kinachoonekana.

Sasa, kitu kimojawapo kinachoituliza hali hiyo ni kuwa karibu na mtu unayemwamini. Watafiti wamepima kotisoli katika mate ya watoto wadogo, wakaona kwamba mbele ya jambo la kutisha haipandi sana ikiwa mzazi ambaye mtoto amemzoea na kumtegemea yupo naye. Wanawake wetu wamelijua jambo hili siku nyingi bila kupima mate ya mtu. Ndiyo maana mwenye msiba haachwi alale peke yake.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kati ya vijana 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja anaishi na tatizo la afya ya akili. Katika darasa la wanafunzi 70, hesabu hiyo ni kama watoto 10. Sidai kwamba wote watapona kwa kuongea na shangazi. Wengine wanahitaji hospitali na dawa, na ni kosa kuwazuilia kwa maombi peke yake. Lakini mtoto hafiki hospitali mwenyewe. Kabla ya daktari lazima awepo mtu aliyeona kwamba mtoto huyu haongei kama zamani, au aliyesikia akisema kwamba ni afadhali afe, na asilichukulie neno hilo kuwa utani.

Utafiti mmoja unaostahili kujulikana na kila mzazi ulifanyika mbali sana na hapa, katika kisiwa cha Kauai huko Hawaii. Mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake waliwafuata watoto 698 waliozaliwa kisiwani humo mwaka 1955, tangu kabla ya kuzaliwa hadi walipokuwa watu wazima. Baadhi yao walizaliwa katika shida nyingi kwa pamoja: umaskini, ugomvi wa wazazi, ulevi, ugonjwa wa akili nyumbani. Ungetazamia kwamba wote wataharibika. Lakini yapata theluthi moja ya watoto hao wa shida walikua wakawa watu imara, wenye kazi na wenye kujali wengine. Mambo kadhaa yaliwasaidia, na mojawapo lilikuwa kwamba kila mmoja alikuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyesimama naye bila kuyumba. Mara alikuwa bibi, mara shangazi, mara jirani, mwalimu, au mtu wa kanisani. Na hapa ndipo penye fundisho kwa habari yetu: watoto hao walikuwa hodari wa kuwatafuta watu hao. Hawakukaa wakingoja. Walijua ni mlango gani ukibishwa utafunguliwa.

Uhodari huo mtoto anaweza kufundishwa, kama anavyofundishwa kuvuka barabara.

Wala tusidhani kwamba mtu wa kumtegemea lazima awe msomi. Nchini Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda aliona kwamba hana wataalamu wa kutosha kwa wagonjwa waliokuwapo. Akaanza na akina bibi 14 katika mtaa wa Mbare, jijini Harare. Alifundisha akina bibi hao namna ya kumsikiliza mtu na kumsaidia achague tatizo moja la kuanza nalo, kisha wakawa wanaketi na wagonjwa kwenye mabenchi ya mbao nje ya zahanati. Hawakutumia maneno ya hospitali. Walisema kwa Kishona “kufungisisa”, yaani kufikiri kupita kiasi, kama sisi tunavyosema mtu “ana mawazo”. Mwaka 2016 matokeo ya kazi hiyo yalichapishwa katika jarida kubwa la madaktari la Marekani: watu wazima waliokaa na akina bibi walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Akina bibi wa namna hiyo tunao katika kila parokia, wala hawajaisha.

MBONA BASI WATOTO HAWAWAONI?

Sababu ya kwanza nasema wazi ni sisi wazazi. Tumewafundisha watoto kwamba msaada ni deni. “Baada ya yote niliyokufanyia!” Nani kati yetu hajawahi kusikia maneno hayo, au kuyasema? Mtoto aliyekulia chini ya neno hilo huogopa kuongeza deni. Akipoteza fedha ya mtihani, hasemi. Akifeli, hasemi. Akipata ujauzito, hasemi hadi tumbo liseme lenyewe. Wasaidizi wake wote amewaweka katika daftari la wanaomdai, na nani humkimbilia anayemdai?

Tena tunawaambia kwamba mambo ya nyumbani hayatoki nje. Ni kweli, hatupendi mtoto atangaze sokoni kwamba baba na mama hawakusemezana wiki nzima. Lakini kuna mambo ya nyumbani ambayo ni lazima yatoke, na mtoto hana uwezo wa kuchagua yapi kama hatukumwambia. Wavulana wamebebeshwa mzigo zaidi, maana wao huambiwa wajikaze, mwanamume halii. Utafiti wa taifa juu ya ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika Tanzania mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana mmoja kati ya 7 walikuwa wamepatwa na ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Yapata nusu ya wasichana hao hawakumwambia mtu yeyote. Kwa wavulana, walionyamaza walikuwa wengi zaidi.

Shule nazo zina lawama yake. Katika shule nyingi mwalimu wa ushauri ndiye huyo huyo mwalimu wa nidhamu. Asubuhi anashika kiboko, alasiri anafungua mlango na kusema, “Karibuni mnieleze matatizo yenu.” Nani ataingia? Najua walimu ni wachache na kila mmoja ana kazi tatu. Hata hivyo kazi hizi mbili zisikae katika mikono ya mtu mmoja, hata kama shule ina walimu sita tu. Afadhali mwalimu wa ushauri awe yule wa michezo. Afadhali zaidi wanafunzi wenyewe waandike kwenye vikaratasi, bila kutaja majina yao, ni mtu mzima gani shuleni hapo wangependa kuongea naye. Mkuu wa shule asishangae akikuta jina la mpishi au la mlinzi wa lango limeandikwa mara nyingi kuliko la kwake. Watoto huwapima watu wazima kimya kimya mwaka mzima, na mara nyingi hupima vizuri.

VIDOLE VITANO

Liko zoezi moja ambalo familia yaweza kulifanya jioni moja ya likizo, wala halina gharama. Mtoto aweke kiganja chake juu ya karatasi, akichore kuzunguka vidole vyote, kisha kila kidole kipate jina la mtu mmoja. Walimu wa watoto wadogo huenda wanalifahamu. Ila huharibika kwa swali baya. Ukisema, “Taja watu watano unaowaamini,” mtoto ataandika vyeo: baba, mama, mwalimu mkuu, padre, polisi. Amejibu mtihani, na wewe umempa alama tano, lakini hakuna lililojulikana.

Uliza kwa matukio. Ukiugua usiku bwenini, utamwamsha nani kitandani? Ukidondosha nauli stendi, utamwomba nani akukopeshe? Usipoelewa hesabu na unaona haya, utamwuliza nani? Mtu mkubwa akikugusa vibaya, utamwambia nani siku hiyo hiyo? Na swali gumu kuliko yote: wewe mwenyewe ukifanya kosa kubwa, kosa la aibu, ni nani unayejua kwamba hatakufukuza? Hapo mtoto ataanza kufikiri, na majina yatakayotoka huenda yakakushangaza. Kidole kikikosa jina, kiache kitupu. Kidole kitupu ni habari muhimu kwa mzazi, kama vile homa ilivyo habari.

Jina lako lisipoonekana kwenye swali la mwisho, usigombe. Ukigomba umelifuta kabisa. Mshukuru mtoto kwa kusema kweli, ukalifikirie jambo hilo ukiwa peke yako.

Baada ya karatasi, kuna kazi ya pili ambayo wengi huisahau. Yafaa mtu aliyeandikwa ajue kwamba ameandikwa. Siku ya kuwatembelea wanafunzi, mzazi huchukua karanga na maandazi ya mtoto wake, humsalimia mkuu wa shule, akaondoka. Pita kwa matroni pia. “Shikamoo mama. Mimi ndiye mzazi wa huyu wa kidato cha kwanza. Amenieleza ulivyokaa naye siku ile alipoumwa.” “Marahaba. Aa, mbona hayo ni ya kawaida tu.” Ndivyo watu wetu wanavyojibu, na ndiyo sababu mojawapo ya watoto kutowaona, wasaidizi wenyewe huyaita mambo yao ya kawaida tu. Lakini matroni huyo, tangu siku hiyo, atamtazama mtoto wako kwa jicho jingine. Na mtoto aliyesimama hapo akisikia mzazi wake akitoa shukrani amejifunza kwamba lile lililotendeka lilikuwa na jina: alisaidiwa.

Tuwakumbuke hasa wanafunzi wa geto. Tangu shule za sekondari za kata zilipoongezeka sana kuanzia mwaka 2006, watoto wengi wamekuwa wakipanga chumba karibu na shule kwa sababu nyumbani ni mbali. Msichana wa miaka 15 anajipikia, anajilinda, na mzazi anamwona mwisho wa mwezi akija kuchukua unga. Watu wake hawako kwenye orodha ya shule wala ya nyumbani. Ni mwenye nyumba, ni mama wa genge anayemkopesha nyanya na mafuta ya taa, ni mpangaji wa chumba cha pili. Mzazi aliyempangia mtoto chumba bila kukaa nusu saa na watu hao amefanya nusu ya kazi. Aende awajue. Atajua pia ni yupi wa kumkwepa.

SI KILA ANAYETOA NI MWEMA

Maana wako wanaosaidia kwa nia mbaya. Wengi mnakumbuka matangazo ya redio ya Fataki, yule mtu mzima mwenye fedha aliyewarubuni wasichana wa shule kwa chipsi na lifti. Watu walimcheka, jina lake likaingia mitaani, na hata sasa ukisema “fataki” unaeleweka. Siku hizi ana pikipiki na hutuma vocha ya simu. Mtoto anayehesabu msaada kwa vitu peke yake ndiye anayenaswa upesi, kwa sababu kwa kipimo chake fataki ni mfadhili kuliko mama.

Mpeni mtoto kipimo kingine. Anayekutakia mema haoni shida wazazi wako wakijua alichokupa. Anayesema “hii ni siri yetu wawili” juu ya zawadi, au picha, au mguso, mwondoe kwenye kidole, hata kama ni ndugu wa damu, hata kama ni mwalimu wa dini, katekista, mtawa au padre. Naliandika hili katika gazeti la jimbo kwa makusudi. Papa Fransisko, mwaka 2019, kwa barua yake “Vos estis lux mundi”, aliagiza kwamba mapadre na watawa wanaojua habari za dhuluma ya namna hiyo ndani ya Kanisa wana wajibu wa kuiripoti, na kwamba kila jimbo liwe na njia ya kupokea taarifa. Mtoto akisema jambo la namna hiyo juu ya mtu wa kanisa, asiambiwe kwamba anakosea heshima. Asikilizwe. Nchini Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwananchi yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azipeleke kwenye serikali ya mtaa wake, na yako pia madawati ya jinsia na watoto katika vituo vya polisi.

Wako watoto ambao vidole vyao vitakuwa vitupu karibu vyote, na hapa jumuiya ndogo ndogo inahusika moja kwa moja. Yatima anayehamishwa kila mwaka kutoka kwa baba mdogo kwenda kwa shangazi hana muda wa kuzoea mtu. Vivyo hivyo msichana aliyerudi darasani baada ya kujifungua. Tangu Novemba 2021 Serikali ya Tanzania iliruhusu warudi, lakini ruhusa haikumrudishia marafiki. Wenzake wako mbele yake darasa moja au mawili, na baadhi ya watu wazima waliokuwa wakiitikia shikamoo yake siku hizi huangalia pembeni. Huyo akichora kiganja, pengine ataandika jina moja tu, la bibi anayembakia na mtoto. Jumuiya ikijua, yaweza kumpunguzia bibi huyo kazi siku mbili kwa juma.

Na wasimamizi wa kipaimara, je? Siku hizi wengine huchaguliwa kwa sababu wanaweza kununua keki na suti. Picha hupigwa, na mwaka mzima hupita bila msimamizi kujua mtoto wake yuko kidato gani. Ningependa paroko, kabla ya kuandika jina la msimamizi kitabuni, amwulize mtoto faraghani: “Ukifanya kosa la aibu, utamwendea huyu?” Akisita, atafutwe mwingine, hata kama suti imeshashonwa.

Mwisho ni namba za simu. Wanafunzi wengi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, kwa hiyo namba zilizo katika simu ya nyumbani hazimsaidii mtoto aliye bwenini. Aandike tatu: ya mzazi, ya mtu mmoja kutoka kwenye vidole, na 116, ambayo ni namba ya simu ya msaada kwa watoto Tanzania, na Kenya pia, na hupigwa bure. Aziandike kwa kalamu ya wino, ndani ya jalada la daftari ambalo haliishi upesi. La Kiswahili huisha mapema; la jiografia hudumu.